Maswali ya Wasomaji: Kifodini cha Mathayo, Kuanzia Ukutani Hadi Kwenye Brashi

Toleo lililopita tulichapa picha ya Kifodini cha Mathayo Mtakatifu, yaani kuuawa kwake kwa ajili ya imani, kazi ya Caravaggio, mchoraji Mwitalia wa zama za Baroko, mtindo wa sanaa uliostawi Ulaya karne ya 17. Barua zimemiminika kutoka Moshi na Arusha. Wengi hawakuandika kusifu tu. Wanataka kuichora, kuitundika, kuwaeleza watoto. Hizi tano zimebeba mengi ya yaliyoulizwa.

Kanisa letu jipya la kigango limewekwa chini ya ulinzi wa Mathayo Mtakatifu. Tunaye kijana mchoraji hodari, na kamati imeamua achore picha ile kwa ukubwa wake halisi, ikae ukuta wa kulia karibu na altare. Ukuta umepigwa plasta mwezi uliopita. Tuanzie wapi na tununue nini?
*Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Uru, Moshi*

Anzeni na ukuta, Mwenyekiti, kabla hamjanunua hata mita moja ya kitambaa.

Picha hii haikuchorwa ili itundikwe popote. Iko katika kikanisa cha pembeni cha Contarelli, ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Mkataba ulitiwa saini Julai 1599, na mwaka mmoja baadaye picha mbili za kuta za pembeni zilikuwa mahali pake. Dirisha la kikanisa liko juu ya altare. Kifodini kiko ukuta wa kulia, kwa hiyo ukisimama kukitazama altare inakuwa kushotoni kwako, na mwanga ndani ya picha nao unatoka kushoto. Picha inayokabiliana nacho, Wito wa Mathayo, iko ukuta wa kushoto, na mwanga wake unatoka kulia. Mchoraji aliufuata mwanga wa jengo.

Ukuta wenu wa kulia basi unafaa, mradi mwanga mkubwa wa kanisa uingilie upande wa altare. Kama dirisha kubwa liko upande wa mlangoni, mwanga wa nyumba utapingana na wa picha, na waumini wataona kuna kitu hakikai sawa bila kujua ni nini. Hapo chagueni ukuta mwingine. Msiigeuze picha kama inavyogeuka kwenye kioo. Upanga utahamia mkono wa kushoto na mpangilio wote utapoteza nguvu.

Plasta ya mwezi mmoja bado ni mbichi. Bandikeni karatasi ya nailoni ya sm 50 kwa 50 ukutani, mzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, muiache siku mbili. Mkikuta matone ndani au ukuta umekuwa mweusi chini yake, ngojeni, mrudie mwezi unaofuata. Na kama ukuta huo ni wa nje na unapigwa na mvua za masika, tungewashauri muuache kabisa, kwani Uru mvua haina mchezo. Hata katika Basilika ya Mtakatifu Petro, Vatikani, picha nyingi za altare za rangi za mafuta ziliondolewa na nafasi zake zikachukuliwa na nakala za vijiwe vya mozaiki, kwa sababu unyevu ulikuwa unazila.

Sasa ukubwa. Picha halisi ina kimo cha sm 323 na upana wa sm 343. Pimeni mlango wa kanisa leo hii. Mlango wa sm 240 hauipitishi hata mkiilaza ubavu, kwa sababu upande wake mfupi peke yake ni zaidi ya mita tatu. Ama kijana achorie ndani ya kanisa, ama fremu iwe ya kufunguliwa na turubai lisafiri limeviringishwa. Likiviringishwa, upande wenye rangi ukae nje, juu ya bomba lenye kipenyo kisichopungua sm 30. Wengi huficha rangi ndani wakidhani wanailinda. Inajikunja na kupasuka mistari mistari.

Turubai la pamba linalopatikana madukani kwa kawaida lina upana wa karibu sm 150, hivyo itabidi kushona vipande vitatu vya wima. Msione haya, hata wachoraji wa zama zile waliunga vitambaa. Nunueni mita 11. Lilowekeni kwenye maji ya uvuguvugu kwanza litoe wanga na lisinyae, likauke, ndipo lishonwe pindo kwa pindo, mshono ufunguliwe na kupigwa pasi nyuma. Kabla ya kushona, chukueni nakala ndogo ya picha, mpitishe uzi pale mishono itakapoangukia, na muisogeze ikikata uso wa mtu. Acheni sm 8 kila upande za kukunjia.

Fremu ya kunyooshea iwe ya mbao za paini zilizokauka vizuri na kutiwa dawa ya mchwa, unene wa sm 5 kwa 8, zenye nguzo mbili za wima na mbili za mlalo katikati. Ukingo wa ndani upigwe randa kwa mteremko ili turubai liguse ukingo wa nje tu. Lisipofanyiwa hivyo, baada ya miaka michache mtaona msalaba wa fremu umejichora juu ya picha. Pembe zisigongwe misumari wala kutiwa gundi. Fundi aziunganishe kwa ulimi na tundu, kisha kila pembe iwekewe kabari mbili ndogo za mbao ngumu, ili turubai likilegea fremu ipanuliwe kidogo. Seremala wengi wa milango watabisha hapa kwa sababu wamezoea kufunga kona moja kwa moja. Simameni imara.

Kwa vipimo hivyo fremu yenyewe itafika kilo 50 na zaidi, na ikishapakwa kila kitu hesabuni kama kilo 70. Uzito huo usining'inie juu ya kulabu. Ukae juu ya vishikizo viwili vya chuma vilivyofungwa ukutani kwa chini, na kulabu za juu zizuie tu isianguke mbele. Nyuma yake acheni nafasi ya sm 4 hewa ipite. Ukingo wa chini uwe mita 1.6 hadi 1.8 kutoka sakafuni, juu ya mabega ya watu wa benchi la mwisho.

Kabla ya rangi, turubai lipakwe tabaka mbili za gundi ya kuzibia, kisha tatu za rangi ya msingi ya akriliki, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Lita 5 za msingi zinatosha eneo hilo la mita za mraba 11. Gundi ya ngozi ya wanyama ndiyo waliyotumia wazee wa Baroko, lakini kwa hali ya hewa ya Kilimanjaro tungeiepuka: hunywa unyevu wakati wa masika, turubai likalegea, kisha Januari likakaza hadi rangi inapasuka. Rangi ya ukutani isitumike kuwa msingi. Ni ya bei nafuu, ndiyo, lakini hubaki kama chaki na baada ya muda humeguka pamoja na kila kilichopakwa juu yake.

Kuhamisha mchoro ni kazi ya siku mbili. Chapeni nakala ya sm 32.3 kwa 34.3, ichorwe miraba ya sm 2. Kwenye turubai kila mraba unakuwa sm 20.

Neno moja la ziada, na mlipime. Sura karibu kumi na tatu za watu ni kazi nzito hata kwa mkono uliokomaa. Kama kijana wenu hajawahi kuchora mwili wa mtu kwa ukubwa halisi, afanye kwanza zoezi kwa Kusulubiwa kwa Petro, kazi ya Caravaggio huyo huyo iliyoko katika kanisa la Santa Maria del Popolo, Roma. Ina sm 230 kwa 175, watu wanne tu, na inapita mlango wa kawaida wa kanisa.

Shikamooni. Watoto wa Kipaimara wameogopa picha ile, na baadhi ya kina mama wanasema wale wanaume walio uchi chini yake hawafai kanisani. Tunawaeleza nini? Na ni kweli Mathayo aliuawa Ethiopia?
*Mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Majengo, Moshi*

Marahaba, Mama. Tuanze na Ethiopia. Injili hazisemi Mathayo alikufaje. Simulizi alilofuata mchoraji linatoka katika masimulizi ya watakatifu ya zama za kati: Mathayo alihubiri nchi iliyoitwa Ethiopia, mfalme Hirtacus akataka kumwoa Efigenia, binti aliyejiweka wakfu kwa Mungu, Mathayo akampinga hadharani, na mfalme akamtuma mtu amuue mara tu baada ya Misa. Waandishi wa zamani waliita Ethiopia nchi pana kusini mwa Misri, kwa hiyo msiwaambie watoto ni Addis Ababa. Waambieni ni mapokeo.

Ndiyo maana muuaji amemkuta kwenye ngazi za altare, akiwa na mavazi ya Misa. Wale wanaume walio nusu uchi mbele ni wakatekumeni wanaongoja kubatizwa. Zamani mtu alivua nguo na kushuka majini. Kina mama wakilijua hilo wengi hutulia.

Hofu ya watoto ni ya kweli, na mchoraji ameipa nafasi yake. Upande wa kulia kuna mvulana anayekimbia, kinywa wazi, ametupa kichwa nyuma kuangalia. Huyo ndiye mahali pa mtoto katika picha. Waulizeni: anaona nini?

Kisha wasogezeni kwenye mkono, na hapa msiharakishe. Mathayo yuko chini. Muuaji amemkamata kifundo cha mkono, na kiganja cha Mathayo kimefunguka, vidole vimetanuka. Ukiangalia haraka utadhani anajikinga. Sasa pandisheni macho kidogo tu: malaika ameinama kutoka kwenye wingu, karibu aanguke, anashusha tawi la mtende kuelekea kiganja hicho hicho. Tawi la mtende ni alama ya ushindi, kama lilivyo mikononi mwa umati wa Ufunuo 7:9. Mkono ulioshikwa na muuaji ndio unaopokea ushindi. Katikati ya vidole na tawi kuna nafasi ndogo, na mchoraji ameiacha wazi.

Mbona Kanisa liliweka mauaji ukutani? Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, Desemba 1563, uliagiza picha takatifu ziwafundishe watu na kuwachochea katika imani, wakati Waprotestanti wengi walikuwa wanaziondoa makanisani. Baada ya hapo picha za wafiadini zilienea Roma. Mwaka 1582 kuta za kanisa la Santo Stefano Rotondo, huko huko Roma, zilianza kuchorwa mateso ya wafiadini mmoja baada ya mwingine. Caravaggio ukimlinganisha na wengine amejizuia. Damu ni kidogo. Mchoraji Rubens, katika Kifodini cha Livinus Mtakatifu cha mwaka 1633, anaonyesha ulimi wa mtakatifu umeshikwa kwa koleo na mbwa anapewa. Hiyo tusingeiweka mbele ya watoto wa Komunyo ya Kwanza.

Nyuma kabisa, kushoto, kuna mwanamume mwenye ndevu anayegeuka kuangalia huku akiondoka, uso umejaa huzuni. Ni Caravaggio mwenyewe, amejichora miongoni mwa wanaokimbia. Vijana wakubwa hukaa na uso huo kwa muda mrefu.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanajaribu vivuli vya Caravaggio, lakini kila mara vinatoka kama matope. Wakati mwingine rangi haikauki hata baada ya wiki tatu. Kosa liko wapi?
*Mwalimu wa sanaa, Sakina, Arusha*

Makosa ni mawili tofauti, Mwalimu.

Matope kwanza. Bila shaka wanaanza kwenye turubai jeupe, halafu wanatafuta giza kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe na kila kilichopo. Caravaggio alianza na giza. Msingi wake ulikuwa wa kahawia, na sehemu nyingi za vivuli ni msingi huo huo ulioachwa uonekane, umepitishwa tabaka jembamba tu juu. Kwa hiyo pakeni turubai zima kahawia ya amba, rangi ya udongo wa kahawia, iliyochanganywa na udongo wa njano kidogo, likauke. Kivulini nyeupe isiingie hata tone. Nyeupe ndiyo inayogeuza kivuli kuwa ukungu wa kijivu. Kivuli kiwe chembamba, kinachopitisha mwanga. Nyama ya bega na paji la uso ndiyo ipewe rangi nene yenye nyeupe nyingi, na brashi ipite mara moja au mbili kisha iondoke. Mwanafunzi anayerudia brashi mara kumi mahali pamoja ndiye mwenye matope, hata kama rangi zake ni sahihi.

Nyeupe ya wazee ilikuwa ya risasi, ambayo ni sumu. Nyeupe ya titani inatosha darasani, ila ina nguvu sana. Nusu ya kiasi wanachodhani wanahitaji.

Kuhusu mchoro wa awali, hakuna karatasi ya michoro ya Caravaggio tunayoweza kusema bila shaka ni yake. Katika kazi zake nyingi alikwaruza mistari michache kwenye msingi kwa kitu chenye ncha, kuweka alama ya sikio au ukingo wa bega, na mikwaruzo hiyo inaonekana taa ikipigwa kwa ubavu. Wanafunzi wafanye hivyo kwa mkia wa brashi. Wafunge mapazia, wabaki na taa moja juu kushoto na kitambaa cheusi nyuma ya anayechorwa. Bila taa moja hakuna somo hapa. Mwanga wa madirisha manne hauzai kivuli cha aina hii.

Na wakikosea, wafunike waanze upya. Picha za eksirei zilionyesha kwamba chini ya Kifodini kuna mpangilio mwingine, watu wakiwa wadogo na majengo makubwa. Aliuona haufanyi kazi akaufunika, akawakuza watu hadi wakajaza turubai.

Sasa rangi isiyokauka. Ulizeni wanapunguzia nini. Mafuta ya taa hukauka polepole na kuacha ukungu wa mafuta kwenye rangi. Mafuta ya alizeti ya jikoni ni mabaya zaidi, yanaweza kunata miezi. Tumieni tapentaini kwa tabaka za chini na mafuta ya kitani kwa za juu. Tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu yake, sivyo la juu hukauka mapema, la chini likaendelea kusogea, na ngozi ya juu inapasuka. Amba hukauka siku moja hadi tatu, nyeusi ya mifupa inaweza kuchukua wiki au zaidi, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai inaongeza siku. Nyeusi nene chini ya rangi nyingine ni mtego. Vanishi ingoje miezi 6 kwa rangi nyembamba, 12 kwa nene.

Je, badala ya kuchora, tukiichapa kwenye bango la plastiki kama ya matangazo, kuna ubaya?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Kwa sherehe ya siku moja hakuna. Kwa ukuta wa kanisa hapana: plastiki inang'aa, na katika picha ambayo zaidi ya nusu ni giza utaona madirisha yako badala ya watu. Chapeni kwenye kitambaa cha pamba kisichong'aa. Kwa ukubwa kamili mnahitaji faili lenye pikseli zisizopungua 13,500 kwa upana; la simu litatoa vivuli vya vipande vipande. Picha yenyewe ni ya mwaka 1600 na haina mwenye hakimiliki, lakini aliyeipiga foto anaweza kuwa nayo, kwa hiyo ombeni ruhusa.

Tumsifu Yesu Kristo. Parokia yetu ni kongwe, na sakristia ina picha kubwa ya Sebastiani Mtakatifu iliyoachwa na wamisionari. Imelegea chini, ina madoa meupe, na moshi wa mishumaa umeifanya nyeusi. Fundi mmoja anasema isuguliwe kwa kiazi kibichi na sabuni ya kipande. Je, tumruhusu?
*Katekista, Marangu, Moshi*

Milele amina, Katekista. Msimruhusu. Maji hupenya kwenye nyufa ndogo, gundi iliyo chini ya rangi ikavimba, na rangi ikanyanyuka kama maganda. Kiazi huacha wanga, na wanga ni chakula cha ukungu. Picha itapendeza wiki mbili na kuharibika masika yajayo.

Kwanza mjue mna kitu gani. Picha nyingi za misheni za zamani si za kuchorwa bali zimechapwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kitambaa, na nyingine zimegandamizwa ili zifanane na turubai. Chukueni kioo cha kukuzia. Mkiona nukta ndogo ndogo zilizopangika, ni chapa. Mkiona nyuzi za brashi na rangi iliyonenepa kwenye mianga, kama ncha za mishale au ngozi ya bega, imechorwa kwa mkono.

Pigeni foto mbele na nyuma mchana. Usiku zimeni taa zote, mwashe tochi ya simu kutoka ubavuni, mpige tena. Mwanga wa ubavu utaonyesha kila ganda lililonyanyuka. Mkiona maganda, picha ishushwe na watu wanne, ilazwe chali juu ya meza, uso juu, ifunikwe shuka safi lisiloigusa, na msifanye zaidi ya hapo.

Rangi ikiwa imeshika, madoa meupe huenda ni ukungu. Itoeni sakristia, muiweke chumba chenye hewa inayopita, isipigwe na jua. Vaeni barakoa. Baada ya wiki mbili kavu, pitisheni brashi laini na pana, ya sm 5, kutoka juu kwenda chini bila kukandamiza. Moshi na vanishi iliyogeuka manjano viacheni. Dawa inayoyeyusha vanishi huyeyusha na rangi isipokuwa mkononi mwa mtaalamu wa kuhifadhi picha. Ofisi ya jimbo ijulishwe kabla ya kumwita yeyote.

Huko kulegea chini, tazameni nyuma, katikati ya turubai na ubao wa chini wa fremu. Karibu kila picha ya zamani ina takataka hapo: misumari, vipande vya plasta, kinyesi cha mijusi, kiota cha manyigu. Uchafu huo ndio unaosukuma turubai litokeze mbele. Utoeni kwa kipande chembamba cha kadibodi, polepole. Kama bado limelegea na fremu ina kabari, gongeni kila kabari kidogo sana, fremu ifunguke milimita moja au mbili, zaidi ya hapo hapana. Fanyeni hivyo Januari au Februari. Mkikaza wakati wa masika turubai likiwa limelowa hewa, kiangazi kikija litajivuta lenyewe na kuchanika kwenye misumari.

Na mishumaa isogezwe angalau mita mbili kutoka hapo, kuanzia Jumapili hii.